Kijiti cha Mkononi: Jinsi Plastiki Inavyopima Dawa Mwilini

Mwanamke akifika kituo cha afya cha Kimisagara au Remera, Kigali, akasema anataka agapira ko mu kuboko, muuguzi hana haja ya kuuliza zaidi. Ni kile ambacho Watanzania na Wakenya hukiita kijiti, na vitabu hukiita kipandikizi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 na 2015 ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 walioolewa nchini Rwanda, takriban 8 walikuwa na kijiti. Utafiti uliofuata, wa 2019 na 2020, ulikuta takriban 27. Kilikuwa kimeipita sindano na kushika nafasi ya kwanza kati ya njia zote za kisasa za uzazi wa mpango.

Bei ni sehemu ya sababu. Mwaka 2013 wafadhili wa kimataifa waliafikiana na kampuni ya Bayer, na bei ya Jadelle, kijiti chake, kwa nchi maskini ikashuka kutoka dola 18 hadi dola 8.50. Mtengenezaji wa Implanon, aina nyingine ya kijiti, naye akapunguza yake karibu nusu. Lakini wengi wa wanawake waliowekewa walielezwa muda tu: miaka 3, au miaka 5. Ndani ya kijiti kuna nini, kwa nini muda una kikomo, kwa nini dawa nyingine zinaweza kukiharibia kazi, hayo husemwa kwa haraka au hayasemwi. Nayaeleza hapa kwa sababu kila kanuni utakayopewa kituoni inatokana na jambo moja: dawa hii haipimwi na daktari wala na wewe. Inapimwa na plastiki.

Plastiki yenyewe inavyofanya kazi

Kijiti kimetengenezwa kwa polima, yaani kitu kilichoundwa kwa molekuli ndefu kama minyororo zilizosukana. Mpira ni polima, nailoni ni polima, na pamba pia. Katika Jadelle polima hiyo ni silikoni. Katika Implanon NXT ni ethilini vinili asetati. Zote mbili mwili huzivumilia vizuri, na zote mbili zina tabia iliyozifanya zichaguliwe: baadhi ya molekuli ndogo hupenya kati ya minyororo yao polepole sana, kama maji yanavyopenya ukuta wa mtungi wa udongo na kutokeza nje kwa unyevu usiokoma.

Tabia hiyo ya silikoni ilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, Bethesda. Judah Folkman na mwenzake David Long walikuwa wakitafuta njia ya kufikisha dawa kwenye moyo, wakaona kwamba dawa fulani hupita kwenye ukuta wa mrija wa silikoni kwa kasi isiyobadilika sana. Waliandika matokeo yao mwaka 1964. Sheldon Segal wa shirika la Population Council na Horacio Croxatto wa Chile wakaona kwamba homoni nayo inaweza kupita hivyo hivyo. Kazi yao ilizaa Norplant, yenye vijiti 6, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza Finland mwaka 1983. Vijiti 6 ni vingi kuweka na ni vingi zaidi kutoa, ndiyo maana vizazi vilivyofuata vilipunguza idadi: Jadelle ina viwili, Implanon NXT ina kimoja.

Kila kijiti cha Jadelle kina miligramu 75 za homoni ya levonojestreli. Kijiti cha Implanon NXT kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, na kimebeba miligramu 68 za etonojestreli. Katikati kuna kiini ambamo homoni imechanganywa na polima. Juu yake kuna ganda jembamba la polima tupu, na kwa Implanon ganda hilo lina unene wa milimita 0.06 tu. Ganda hili ndilo mizani. Homoni hutoka kwenye kiini, huyeyukia katika ganda, hutokea upande wa pili na kuchukuliwa na damu. Kasi hutegemea unene wa ganda, aina ya polima na eneo la uso wa kijiti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachoweza kukibadilisha ukiwa nyumbani.

Wiki za kwanza homoni hutoka kwa wingi zaidi. Implanon hutoa mikrogramu 60 hadi 70 kwa siku karibu na wiki ya 5 na ya 6, kisha hushuka taratibu mpaka mikrogramu 25 hadi 30 mwishoni mwa mwaka wa tatu. Jadelle huanza na takriban 100 mwezi wa kwanza, hufika 40 baada ya mwaka, halafu hukaa karibu na 30. Mikrogramu moja ni sehemu ya elfu ya miligramu, kwa hiyo hiki ni kiasi kidogo mno. Hata hivyo kinatosha kuzuia yai lisipevuke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia kijiti kwa mwaka, takriban mmoja tu hupata mimba.

Sasa piga hesabu. Ukichukua wastani wa mikrogramu 40 kwa siku, katika siku 1,095 za miaka 3 kijiti cha Implanon kitakuwa kimetoa kama miligramu 44. Kilianza na 68. Maana yake, siku muda unapoisha kijiti bado kina homoni ndani. Kinachopungua ni kasi ya kutoka, na tarehe iliyo kwenye kadi yako inahusu kasi hiyo. Ndiyo sababu uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 7, Zimbabwe ikiwamo, uliweza kuona Implanon ikiendelea kuzuia mimba hata baada ya miaka 3, hadi mitano. Ukisikia jambo hilo usijiongezee muda mwenyewe. Fuata tarehe ya kadi mpaka kituo chako kikuambie kwa kinywa chake kwamba unaweza kuendelea.

Kuna polima za namna nyingine, na huenda zimo tayari kwenye kabati lako. Vidonge vingi vya shinikizo la damu, kisukari na kifafa huandikwa LP kwenye pakiti za Kifaransa, au SR, XR, au neno retard. Vingi kati ya hivyo vina polima inayovimba ikikutana na maji ya tumbo na kuwa kama utomvu, na dawa hutoka humo kidogo kidogo kwa saa 12 au 24. Ukikisaga kidonge cha namna hiyo kwa sababu mzee hawezi kumeza, unampa dawa ya siku nzima kwa mara moja. Kwa morfini kosa hilo linaweza kuua. Rwanda hutengeneza morfini yake ya maji kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu makali, nayo hunywewa kila baada ya saa 4. Kidonge cha morfini cha saa 12 ni kitu kingine kabisa na hakigeuzwi kuwa maji jikoni. Mgonjwa akishindwa kumeza, mrudie mfamasia akupe aina nyingine. Na ukiona ganda la kidonge kwenye choo usishtuke, kwani aina fulani huacha ganda tupu baada ya dawa kwisha kutoka.

Pete ya ukeni ni ndugu wa karibu wa kijiti. Kati ya 2013 na 2014 watafiti wa taasisi ya Rinda Ubuzima, hapa Kigali, wakishirikiana na wenzao wa Antwerp na Liverpool, waliwapa wanawake wa jiji hili pete ya uzazi wa mpango iliyotengenezwa kwa polima ileile ya Implanon. Wengi walianza kwa hofu, kwamba itapotea ndani, kwamba mume ataigusa, na wengi wakaizoea. Pete ya dapivirini, ya silikoni, inayopunguza hatari ya kuambukizwa VVU, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 kama njia ya kuongezea nyingine. Ina miligramu 25 za dawa, na katika siku 28 hutoa kama 4 tu. Zilizobaki huwepo ili kasi isishuke.

Siku ya kuwekewa

Katika vituo vya umma Rwanda huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure. Mjumbe wa afya wa mtaani kwako anaweza kukupa vidonge, kondomu au sindano, lakini kwa kijiti itabidi uende kituoni. Vituo vinavyomilikiwa na Kanisa Katoliki havitoi njia hizi, na ndiyo maana serikali ilijenga vituo vidogo vya pembeni karibu navyo. Ukikosea mlango, uliza kilipo kile kingine.

Kijiti huwekwa upande wa ndani wa mkono wa juu, ule usioutumia sana, chini kidogo tu ya ngozi. Utachomwa ganzi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kabla hujainuka, muombe muuguzi akuongoze vidole vyako ukiguse mwenyewe. Usione haya kulisisitiza hilo. Kijiti kilichowekwa vizuri hupapasika, na usipokihisi siku ile, huna uhakika kama kimeingia. Mpaka kithibitishwe, tumia kondomu. Kwa bahati nzuri Implanon NXT ina bariamu salfeti ndani yake, kwa hiyo huonekana kwenye picha ya eksirei.

Ukiwekewa ndani ya siku 5 za mwanzo za hedhi, kinga huanza mara moja. Siku nyingine yoyote, kwanza ijulikane huna mimba, kisha tumia kondomu kwa siku 7. Mama anayenyonyesha anaweza kuwekewa, hata kabla hajatoka wodi ya wazazi. Mwenye saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana, aseme mapema; huenda njia hii haimfai. Usiloweshe kidonda kwa siku 4. Uvimbe mdogo na alama ya bluu ni kawaida, lakini usaha, homa au kijiti kuchungulia nje si kawaida, rudi siku hiyo hiyo. Namba 114 ya wizara ya afya haitozi malipo kwa maswali mengine.

Kadi utakayopewa iandikwe aina ya kijiti, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa. Piga picha kwa simu. Kadi za karatasi hupotea, na miaka 5 baadaye wanawake wengi hawakumbuki kama walichowekewa ni Jadelle ya miaka 5 au ni kile kijiti kimoja cha Implanon. Kuna aina ya tatu pia, Levoplant, yenye vijiti viwili kama Jadelle lakini muda wake ni miaka 3. Kwa kupapasa tu huwezi kuitofautisha na Jadelle.

Hedhi itabadilika. Wengine huona matone siku nyingi, wengine hutoka damu mfululizo miezi ya kwanza, wengine hawaoni kitu kabisa. Damu isiyoonekana haijikusanyi popote tumboni. Homoni imeufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, hakuna cha kutoka. Matone yakikuchosha, muuguzi anaweza kukupa dawa ya siku chache ya kuyapunguza. Wengine hupata maumivu ya kichwa au chunusi. Kwa mwanamke mwenye kilo 80 na zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaeleza kwamba nguvu ya Jadelle hupungua baada ya miaka 4. Plastiki hutoa kiasi kilekile kwa kila mtu, na katika mwili mkubwa kiasi hicho hutawanyika zaidi. Na kijiti hakizuii VVU wala magonjwa ya zinaa. Kondomu inabaki na kazi yake.

Dawa nyingine unazotumia

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu hapa ndipo wanawake wamepata mimba wakiwa na kijiti mkononi.

Katika Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Kampala, watafiti waliwafuatilia wanawake wenye VVU waliokuwa na kijiti cha levonojestreli. Kati ya 20 waliokuwa wakitumia pia efavirenzi, dawa ya VVU, 3 walipata mimba kabla ya mwaka mmoja kwisha. Kiwango cha homoni katika damu yao kilikuwa karibu nusu ya wale wasiotumia dawa za VVU. Matokeo hayo yalitoka 2016. Mwaka mmoja kabla, uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake zaidi ya 24,000 wa magharibi mwa Kenya ulikuwa umeonyesha kwamba waliotumia kijiti pamoja na efavirenzi walipata mimba takriban mara 3 zaidi ya waliotumia kijiti pamoja na nevirapini, dawa nyingine ya VVU.

Vijiti vyao havikuwa vibovu. Efavirenzi huliamsha ini lizalishe vimeng'enya vingi zaidi, na vimeng'enya hivyo huivunja homoni haraka. Kwa mwanamke anayekunywa dawa kwa mdomo, daktari anaweza kuongeza dozi. Ganda la plastiki halijui kilichotokea kwenye ini. Linaendelea kutoa mikrogramu zake 30, ini linazila, na kinga inapungua bila dalili yoyote.

Dolutegraviri, nayo dawa ya VVU, haina tatizo hilo, na Rwanda, kama nchi nyingi za jirani, imewahamishia wagonjwa wengi huko. Lakini bado wapo wenye efavirenzi, na dawa za namna hiyo ni nyingi: rifampisini ya kifua kikuu, na rifapentini inayotumika kukizuia, kabamazepini, fenitoini na fenobabitali za kifafa. Tatizo ni kwamba kliniki ya kifua kikuu na chumba cha uzazi wa mpango huwa milango tofauti, na faili tofauti. Anayekuandikia rifampisini anaweza asijue kuna kijiti chini ya mkono wa shati lako. Mwambie wewe. Kwa kipindi cha matibabu na wiki 4 baada yake tumia kondomu kila mara, au jadiliana na muuguzi kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni ya kuvunjwa. Sindano ya uzazi wa mpango haiathiriki sana kama kijiti, kwa sababu dozi yake ni kubwa.

Kukitoa

Zipo polima zinazoyeyuka. Nyuzi fulani za kushonea vidonda, na dawa kadhaa za saratani zinazochomwa mara moja kwa mwezi, hutumia polima ambayo maji ya mwili huikata vipande vipande mpaka ikawa asidi laktiki na asidi glikoliki, vitu ambavyo mwili huvimaliza wenyewe. Silikoni na ethilini vinili asetati hazifanyi hivyo. Zitabaki mkononi hata miaka 20. Kwa hiyo kila kijiti kinachowekwa ni deni la kutoa, na hapa ndipo naona juhudi bado ni pungufu katika eneo letu lote. Wakati wa kuweka kuna kampeni na siku maalumu. Wakati wa kutoa, mwanamke hujiendea peke yake. Rudi kwenye takwimu za mwanzo: wale wanawake 27 katika kila 100 wa mwaka 2019 na 2020, vijiti vyao vingi vimeshafika tarehe ya mwisho. Wauguzi wa kuvitoa, ganzi, visu na vibanio vinapaswa kuwepo kwa idadi hiyo hiyo.

Una haki ya kutolewa kijiti siku yoyote, kwa sababu yoyote, hata kama kina miezi 3 tu. Unataka mtoto, damu imekuchosha, au umebadili mawazo tu, zote ni sababu halali. Muuguzi anaweza kukushauri usubiri kidogo, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye matone mengi, na ushauri huo mara nyingi ni wa nia njema. Lakini ni ushauri. Ukirudia ombi lako, lishughulikiwe. Likikataliwa, omba kuonana na msimamizi wa kituo, au nenda kituo kingine na picha ya kadi yako. Si lazima kitolewe palepale kilipowekwa.

Kutoa kijiti kinachopapasika ni kazi ndogo: ganzi, mkato wa milimita chache kwenye ncha, kinasukumwa kwa vidole mpaka kinachungulia, kinavutwa. Hakikisha unaonyeshwa kilichotoka, na kwa Jadelle hesabu viwili. Kama hakipapasiki, asikuchimbe mtu mkononi akikitafuta. Mahali hapo pako karibu na mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, na kukata bila kuona kumewahi kuwaacha watu na vidole vyenye ganzi. Omba rufaa ya hospitali ya wilaya, kwanza kionekane kwa eksirei au ultrasaundi, ndipo anayekitoa awe mwenye uzoefu wa vijiti vilivyozama. Zile habari za kijiti kusafiri hadi moyoni zina chembe ya ukweli: imeripotiwa mara chache sana duniani kijiti kukutwa kwenye mishipa ya mapafu, na kisa huwa ni kuwekwa ndani mno, kwenye mshipa. Kilichowekwa chini ya ngozi hubaki pale pale au husogea kidogo. Ndiyo sababu nimekusihi ukiguse siku ya kwanza, na ukiguse tena mara kwa mara.

Homoni huisha kwenye damu upesi, kwa wengi ndani ya wiki moja au mbili, na mimba inaweza kushika mwezi huohuo. Anayetaka mtoto hana haja ya kusubiri damu isafishike. Asiyetaka asirudi nyumbani bila njia nyingine: kijiti kipya kinaweza kuwekwa siku ileile, kupitia mkato uleule.